Mkondo A Utasoma Ijumaa

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi. Ukungu umeingia mpaka darasani. Nimeandika tarehe, watoto wa nyuma wakasema hawauoni ubao. Nimewaambia wavute subira.

Kikao cha walimu saa nne. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Modesta, ametangaza mambo mawili. La kwanza: Mzee Nathanaeli, mtaaluma wetu anayesimamia masomo, anastaafu mwisho wa mwezi. La pili: Ijumaa ya wiki ijayo Afisa Elimu Kata, Bi Yusta, anakuja kusikiliza darasa la kwanza likisoma, mtoto mmoja mmoja. Kisha akatutazama mimi na Mwalimu Saumu kwa zamu, akasema nafasi ya mtaaluma itakwenda kwa yule ambaye watoto wake wanasoma.

Ofisi ya mtaaluma! Ina mlango unaofungika. Ina dirisha lenye vioo vyote. Ina jiko la mkaa ambalo Mzee Nathanaeli huliweka chini ya meza, katikati ya miguu yake. Miaka kumi na sita nimefundisha shule hii nikiwa sivihisi vidole vya miguu kuanzia Juni mpaka Agosti. Jiko lile ni haki yangu.

Hali halisi, kwa siri: nina mkondo A, watoto hamsini na wanane. Wanaosoma ni tisa. Kumi nikimhesabu Stephano, ambaye husoma vizuri akikaa karibu na anayejua. Saumu ana mkondo B. Ana miaka mitatu tu kazini. Nasikia wake wanaosoma wamepita arobaini. Uvumi.

Binti yangu Sesilia yuko mkondo B. Mama yake ndiye aliyekwenda kumwandikisha. Nilipomwuliza kwa nini hakumweka kwa baba yake, alisema anataka mtoto ajue kusoma. Sikuona uhusiano.

Jumanne, 15 Julai

Upelelezi. Nimesimama nje ya dirisha la mkondo B nikijifanya naangalia mfereji wa maji ya mvua. Nimeuangalia mfereji ule dakika arobaini. Sasa naujua kuliko fundi aliyeuweka.

Saumu hafundishi herufi! Mimi nafundisha kama nilivyofundishwa: hii ni ba, hii ni ma, hii ni za. Yeye anawaambia watoto wafunge midomo na kunguruma: mmmm. Darasa zima mmmm, kama mzinga wa nyuki. Kisha aaaa. Kisha wanasogeza mmmm karibu na aaaa mpaka zinagongana, na wanashangilia. Kila dawati lina sinia la majivu. Mtoto anaandika kwa kidole, anatikisa, anaandika tena. Ukutani kuna kamba yenye vitabu vidogo vilivyoshonwa kwa karatasi za mifuko ya saruji, vimebanwa kwa vibanio vya nguo. Hadithi wametunga watoto wenyewe. Akimaliza kazi mapema, mtoto anakwenda kujichumia kitabu kama anachuma peasi.

Nimekwenda kwa Mkuu. Nimemweleza kwa uchungu kwamba mkondo B unanguruma na kusumbua madarasa mengine. Amesema anatamani madarasa yote yangenguruma.

Nikarudi kwangu. Nimeandika "babu" ubaoni. Nimemwita Athumani. Amesoma: ba, a, ba, u. Nikamwambia aunganishe. Akaunganisha: "Baabau." Nimempa "mbuzi". Akasema: "Mabauzai." Kwa sauti nzuri, bila woga. Tatizo si ujasiri.

Jumatano, 16 Julai

Bahati! Asubuhi nilikuwa ofisini kwa Mkuu nikisaini daftari la mahudhurio. Yeye alikuwa nje akimwamkia mgeni. Mezani kulikuwa na karatasi imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Kichwa: Mbuzi wa Bibi. Sentensi sita fupi, za darasa la kwanza kabisa. Wiki moja kabla ya Bi Yusta! Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Nimeinakili kwenye kiganja.

"Bibi ana mbuzi. Mbuzi anaitwa Zuzu. Zuzu amekula sketi ya bibi. Bibi amekasirika. Zuzu amekimbilia mlimani. Bibi amelia, Zuzu amerudi."

Nimenawa mikono mara mbili lakini Zuzu hajatoka vizuri.

Kwa nini mtoto ahangaike na mmmm na aaaa, wakati anaweza kuijua habari yote kwa moyo? Nimewaimbisha tangu saa tatu. Mchana, watoto hamsini na wanane wanaijua kama wimbo wa taifa. Kwaya! Machozi yamenilengalenga. Mzee Nathanaeli amepita dirishani, akasimama, akatikisa kichwa. Nadhani kwa kunipongeza.

Alhamisi, 17 Julai

Kasoro ndogo. Nimemtoa Stephano, nikampa karatasi, akaghani yote bila kosa. Nikamwambia anionyeshe neno "mbuzi". Akaonyesha tundu la pini kwenye pembe ya karatasi.

Mpango wa pili: kidole kitembee. Nimewafundisha kupitisha kidole chini ya maneno huku wakighani. Matokeo: vidole vinafika mwisho wakati midomo bado iko kwenye sketi. Wengine vidole vinatoka kulia kwenda kushoto. Mmoja kidole chake kimetoka kwenye karatasi, kimevuka dawati, kimeingia puani mwa jirani. Ugomvi.

Nimefundisha kidole tupu, bila maneno, vipindi viwili. Nimechoka. Maharage ya Mama Sesilia leo yameshinda meno yangu. Ukiyapanda yataota.

Ijumaa, 18 Julai

Pigo kwa adui. Nimemwendea Saumu kwa adabu nikaomba aniazime ile kamba ya vitabu kwa wiki moja. Hesabu yangu: akikataa, ni mchoyo, na Mkuu ataambiwa. Akikubali, watoto wake watakaa bila vitabu mpaka siku ya ukaguzi.

Amefurahi! Amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema muda mrefu alitamani kuniuliza lakini aliogopa kumkosea heshima mtu aliyemtangulia kazini. Amenipa kamba, vitabu ishirini na sita, vibanio, na misumari miwili. Akasema watoto wake watatunga vingine mwisho wa wiki. Watatunga vingine!

Nimefungia mzigo wote kabatini. Mwanamisi, mtoto wa dawati la nyuma ambaye tangu Januari sijamsikia akisema zaidi ya shikamoo, alikuja kusimama mbele ya kabati. Alisimama tu. Nilivumilia vipindi viwili, kisha nikampa kitabu kimoja ili aondoke njiani.

Jumapili, 20 Julai

Sesilia hakamatiki. Anasoma kila kitu chenye wino. Alfajiri alianza na sabuni. Akaja kwenye mfuko wa mbolea. Njiani kwenda kanisani amesoma ukuta wa duka: "U-si-ko-jo-e ha-pa. Usikojoe hapa." Kwa sauti, huku waumini wote wa usharika wakipita, na akaniuliza kwa nini wamekuandikia wewe, baba. Nilikuwa nimesimama tu kufunga kamba ya kiatu!

Mchana mzee wa kanisa amekuja kutusalimu. Sesilia akachukua chupa yangu dirishani, akasoma: "Da-wa ya mi-nyoo." Mzee wa kanisa akasogeza kiti chake nyuma kidogo.

Jioni nikiandika hapa, alikuja begani kwangu akauliza "m-pa-ngo" ni nini. Nimelifunga daftari. Kuanzia leo nalificha ndani ya gunia la mahindi.

Jumatatu, 21 Julai

Uasi darasani. Mwanamisi amerudisha kitabu, akaomba kingine. Kisha kingine. Wakati wa mapumziko nimemkuta nyuma ya choo cha walimu na binti yangu mwenyewe! Wamechuchumaa, midomo imefungwa, wananguruma. Sesilia anaandika vumbini, Mwanamisi anasoma. Nimewauliza wanafanya nini. Sesilia amejibu kwamba wanagonganisha.

Nimemwita Mwanamisi, nikamuuliza haraka hii ya nini wakati Zuzu anamtosha. Kwa mara ya kwanza mtoto huyu amesema sentensi ndefu. Amesema bibi yake anatibiwa presha hospitali ya Bumbuli. Tarehe ya kurudi huandikwa kwenye kadi pamoja na maneno. Nyumbani hakuna anayejua kuisoma. Mara ya mwisho siku ilipita, bibi akaanguka jikoni.

Nimemwambia kadi haitatoka kwenye mtihani.

Baadaye nimejisikia vibaya kidogo. Nimemwachia ufunguo wa kabati. Ni kwa sababu ya kelele tu, ili asinisumbue. Lakini sasa ameharibika: wenzake wakighani, yeye ananyamaza na kuangalia kila neno moja moja, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Anatuchelewesha.

Jumanne, 22 Julai

Msiba. Mama Sesilia alimtuma mtoto akachote mahindi ya kuku.

Nimerudi saa kumi, nimewakuta wamekaa kizingitini. Sesilia ana daftari langu hili magotini. Mama yake anachambua mboga. Mtoto alikuwa amefika kwenye maharage. "U-ki-ya-pa-nda ya-ta-o-ta." Kisha akarudia kwa mkupuo: ukiyapanda yataota. Akamuuliza mama yake, kweli yataota?

Nilisimama pale getini na begi mkononi. Walikuwa wameanza na Zuzu. Kila kitu. Karatasi ya Mkuu, kiganja, kidole, vyote.

Nilingoja kelele. Mama Sesilia hakupiga kelele. Aliweka kisu chini, akaniuliza: "Baba Sesilia, mtoto wetu amesoma kurasa nne peke yake. Umemsikia?"

Nikasema sikumsikia, nilikuwa nasikiliza kilichoandikwa.

Akasema ndiyo shida yenyewe. Akasema hatamwambia Mkuu wala mtu yeyote, lakini zimebaki siku mbili na nina watoto hamsini na wanane wanaoimba habari za mbuzi. Niwafundishe. Wakishindwa, washindwe kwa haki. Kisha akaingia ndani. Chakula kilikuwa maharage. Nimeyala yote.

Alhamisi, 24 Julai

Nitaandika ukweli, maana hakuna faida tena ya kuficha.

Jana asubuhi nilijaribu. Nilifunga mlango, nikachungulia kama Saumu yuko mbali, nikawaambia watoto wafunge midomo. Mmmm. Nilijisikia kama ng'ombe. Nikawaambia, bbb, fupi, usiseme ba. Nikaandika "babu" ubaoni. Athumani alikodoa macho. Alisogeza midomo muda mrefu, mpaka nikataka kumsaidia. Kisha akapasuka: "Babu! Mwalimu, ni babu! Babu yangu!" Akageuka kuwaangalia wenzake kana kwamba babu mwenyewe amepita mlangoni. Watoto saba walipata kabla ya kengele.

Nilitoka nje kuvuta pumzi.

Halafu nikapiga hesabu. Saba kwa siku moja. Siku mbili, kumi na wanne. Na wale tisa. Saumu ana zaidi ya arobaini. Nikauona moshi unatoka kwenye dirisha la Mzee Nathanaeli.

Leo tumemrudia Zuzu. Kutwa nzima. Kwa kidole.

Ijumaa, 25 Julai

Bi Yusta amefika saa mbili na nusu, koti zito, buti zimejaa matope. Ameanza na mkondo A. Mkuu na Saumu walikaa nyuma. Mimi nilisimama karibu na ubao, suti ya harusi.

Amegawa karatasi zake. Nikaona kichwa cha habari kutoka nilipo. "Viazi vya Halima."

Viazi!

Kwanza Stephano. Nilimkazia macho ili aelewe. Akaelewa kinyume. Alisimama, akaweka kidole, akavuta pumzi: "Bibi ana mbuzi. Mbuzi anaitwa Zuzu." Akaenda mpaka mwisho bila kosa hata moja. Kidole pia kilifika kwa wakati, kwa mara ya kwanza.

Bi Yusta akaigeuza karatasi juu chini, akamwambia asome tena. Stephano akasoma tena. Vizuri kuliko mwanzo.

Bi Yusta akamuuliza kwa upole, hebu nionyeshe mbuzi yuko wapi hapa. Stephano akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema: "Amekimbilia mlimani."

Mkuu aliinamisha uso. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Kisha yakaacha kutikisika, akaniangalia kwa jicho jingine kabisa. Akasema habari ya Zuzu aliitunga yeye mwenyewe kwa ajili ya kamba ya vitabu vya mkondo B, na bado haijatoka mezani kwake. Nikaangalia dari. Dari letu lina madoa kumi na moja.

Watoto kumi na wanne wakafuatana na Zuzu, wengine wakaikodolea karatasi tu. Mmoja alilia alipofika kwenye sketi, kwa sababu aliona wakubwa hawafurahi, akadhani amekosea wimbo. Hapo nilitamani ardhi inimeze. Huyu mtoto hakukosea. Alifanya nilichomfundisha.

Wale tisa walisoma, wawili kwa shida. Athumani alisimama na "Viazi", akahangaika, akapata "Ha", akapata "li", akachoka. Lakini hakuimba. Kisha zamu ya Mwanamisi.

Alishika karatasi kwa mikono miwili, karibu na uso. Macho yakabaki kwenye neno la kwanza. Nikadhani ndiyo basi. Kisha: "Vi-a-zi. Viazi. Vya. Ha-li-ma. Halima." Taratibu, kama mtu anayeshuka mteremko wenye utelezi. Halima ana viazi kumi. Kapu lina tundu. Halima anapanda mlima. Kila hatua kiazi kinashuka. Vichwa vyote viliinuka, maana hakuna aliyejua kitakachofuata. Hata mimi. "Ha-li-ma a-me-fi-ka ju-u. Ka-pu ni tu-pu."

Akarudia mwenyewe kwa kunong'ona: kapu ni tupu. Kisha akaangua kicheko! Mtoto ambaye sijawahi kumwona meno. Alicheka mpaka karatasi ikamdondoka, na darasa zima likacheka, kwa sababu kila mtoto hapa amewahi kukimbiza kiazi kinachoporomoka mteremkoni.

Bi Yusta alimuuliza nani amemfundisha. Akasema: Sesilia, na vitabu vya kamba.

Nikaongeza haraka, kwa maelekezo yangu. Hakuna aliyeandika.

Mkondo B walisoma arobaini na wanane. Sesilia alisoma habari yote, kisha akasoma jina lililo kwenye kalamu ya Bi Yusta, na tangazo la chanjo lililokuwa ukutani.

Hukumu imetolewa ofisini, mimi nikiwa nimesimama. Mwalimu Saumu ndiye mtaaluma. Hataki kukaa ofisini. Ameomba chumba kile kiwe cha kusomea watoto, kamba za vitabu kuta zote nne, na jiko libaki humo wasitetemeke. Limepita bila kupingwa. Kuhusu mimi, Bi Yusta alitaka kuandika barua kwa mkurugenzi. Saumu ndiye aliyemzuia. Alisema Mwalimu Kristian, yaani mimi, anasimama dirishani pake kila mara, inaonyesha ana kiu ya kujifunza, aliona aibu tu kuingia. Basi imeamuliwa: mwezi mzima, mikondo yote miwili itakaa chumba kimoja saa mbili mpaka saa nne, na mimi nitakaa nao. Kwenye dawati. Nijifunze sauti za herufi.

Jumatatu, 28 Julai

Siku ya kwanza ya masomo yangu. Dawati ni la watoto wa miaka saba. Magoti yangu yako karibu na masikio. Upande wa kulia nimekaa na Sesilia, wa kushoto Athumani. Nina sinia langu la majivu.

Tumefanya "b" na "d". Sesilia amenisahihisha mara tatu. Amesema, baba, usiweke "a" mwishoni, kata. Nikakata. Athumani amenipigia makofi. Mwanamisi alikuwa hayupo. Mkuu amesema mtoto amempeleka bibi yake Bumbuli, maana kadi ilisema leo.

Saumu amenisifu mbele ya darasa zima, watoto mia moja na kumi na tano. Amesema nina sikio zuri. Nimeona haya, lakini si mbaya sana.

Sasa basi. Kukaa ndani kuna faida zake. Kutoka kwenye dawati hili naona vizuri droo ya meza ya Saumu, ambayo haina kufuli. Bi Yusta atarudi Oktoba. Safari hii Saumu mwenyewe, kama mtaaluma, ndiye ataandaa habari ya kusoma. Ataiweka wapi? Watoto wana miezi miwili kamili ya kuikariri. Kosa la mara iliyopita lilikuwa mbuzi asiye sahihi, si njia.

Limebaki suala la usalama wa daftari hili. Gunia halifai. Juu ya kabati hapafai. Nimefikiri sana nimepata dawa: nitaandika Kishambaa. Sesilia anakiongea na bibi yake, lakini kusoma ni kitu kingine. Shuleni hawajamfundisha herufi za Kishambaa hata moja.

Jioni hii nimefanya jaribio. Nimeandika sentensi moja ya Kishambaa, habari za Mwalimu Saumu na ile droo, nikaliacha daftari wazi mezani makusudi. Sesilia amekuja. Ameinama. Midomo imemchezacheza kidogo, mmmm. Kisha ameangua kicheko, amekimbilia jikoni anamwita mama yake.

Mwandiko wangu, bila shaka. Umemchekesha.